Kiswahili Kipande Mau kwa Baiskeli

"Aisifuye mvua imemnyea," ndivyo walivyonena wahenga. Methali hii tunaikariri madarasani, tunauchambua muundo wake, tunaijadili falsafa yake, kisha tunaiacha palepale ubaoni. Laiti tungeielekeza kwetu wenyewe, sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Nakuru na viunga vyake, ingetukera si haba. Tunatunga mashairi ya kuulilia Msitu wa Mau. Tunaandika insha za uhifadhi wa mazingira na kuandaa midahalo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Hata hivyo, wengi wetu humaliza miaka minne ya shahada bila kuingia katika msitu huo hata siku moja, ilhali aliye Njoro huuona ukingo wa Mau kila anapoinua macho. Tunaisifu mvua ambayo haijatunyea.

Azma ya makala hii ni kutoa rai moja. Mwanafunzi wa Kiswahili wa Bonde la Ufa ya kati anapaswa kuipanda misitu ya vilima inayomzunguka, yaani Mau, Menengai, Dundori na Eburru, kwa baiskeli. Azungumze kwa Kiswahili na wanaoishi humo na kandokando yake. Kisha aandike kwa Kiswahili aliyoyaona na aliyoyasikia. Sitetei baiskeli kwa ajili ya afya ya mwili, ingawa faida hiyo ipo. Ninaitetea kwa ajili ya lugha, na kwa ajili ya msitu wenyewe. Nitaeleza jinsi haya mawili yanavyohusiana.

Kwa nini baiskeli?

Huenda msomaji akauliza: kwani hakuna matatu za kwenda Molo na Mau Narok? Zipo, tena tele. Lakini abiria wa matatu huona kisogo cha aliyeketi mbele yake. Akifika aendako, atasema amepita msituni, na ukweli ni kwamba msitu ndio uliompita yeye. Atembeaye kwa miguu huona mengi, ila "mtembezi hula miguu yake", na vilima vya Mau ni virefu kuliko siku moja ya mwanafunzi mwenye mhadhara kesho yake. Baiskeli imekaa baina ya hayo mawili. Mwendo wake unatosha kumfikisha mtu mbali na kumrudisha kabla ya giza, na hauzidi kiasi cha kumnyima nafasi ya kuitikia salamu.

Zaidi ya hayo, baiskeli humfanya mwendeshaji aisome ardhi kwa mwili wake. Mji wa Nakuru uko katika kimo cha takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Njoro imekaribia mita 2,200, na Mau Narok imezidi mita 2,700. Tarakimu hizi tulizisoma katika jiografia ya sekondari na tukazisahau punde tu baada ya mtihani. Anayezipanda kwa pedali hazisahau. Waendeshaji husema kwamba "wananyonga" baiskeli, na uzito wa kitenzi hicho huubaini mtu akiwa katikati ya mpando, pale mapaja yanapowaka moto na pumzi kuwa haba. Mwenye baiskeli ya gia hushusha gia na kwenda polepole. Mwenye ile nzito nyeusi ambayo Wakenya waliibatiza jina la "Black Mamba" hana gia ya kushusha. Hushuka mwenyewe na kuikokota. Hakuna aibu katika kukokota. Aghalabu ni katika kukokota ndipo mtu hupata wasaa wa kuuliza jina la mti.

Safari hiyo ya kupanda ni somo kamili la mimea. Kandokando ya mji na kwenye miteremko ya Menengai, mtu hupokewa na vichaka vya leleshwa vyenye majani ya rangi ya kijivu na harufu inayokaa mkononi. Akifika Njoro huona mashamba ya ngano na mahindi. Akizidi kupanda, huingia katika mashamba ya miti ya kigeni, misonobari iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama askari katika gwaride. Hapo msitu huwa kimya, kwani chini ya miti hiyo huota vichache. Baadaye, mahali uliposalia msitu wa asili, mistari huvunjika. Huonekana mitarakwa, podo na mizeituni mwitu iliyofunikwa kwa kuvu na ndevu za kijani. Juu zaidi ni mianzi na baridi. Abiria wa gari akiviita vyote hivi "miti" hatutamlaumu, kwani ndivyo alivyoviona. Mwendesha baiskeli amekwisha kujua kwamba vinatofautiana, kwa sababu kivuli cha mistari ya misonobari hakiburudishi kama kivuli cha mtarakwa.

Mteremko nao una mafunzo yake. Udongo wa Njoro na Molo umetokana na majivu ya volkeno. Wakati wa kiangazi huwa vumbi jepesi linaloficha mashimo, na wakati wa mvua huwa tope linaloteleza na kuziba magurudumu. Anayeshuka bila kuzikagua breki zake, au anayebana breki ya mbele peke yake, ataipata dhana ya "takriri" kwa kubiringika. Kwa hiyo msafiri hulazimika kuzungumza na fundi wa baiskeli kabla ya safari, na mafundi hao ni walimu wa Kiswahili wasiolipwa mshahara. Usukani, mnyororo, spoki, ringi, karia, pancha, kiraka: msamiati huu haukuundwa na jopo la wataalamu. Baadhi yake ni maneno ya kale yaliyopewa kazi mpya, na baadhi ni ya Kiingereza yaliyovishwa sauti za Kibantu. Hata "boda boda", neno ambalo leo limeenea kote Afrika Mashariki, lilizaliwa na waendesha baiskeli waliobeba abiria mpakani mwa Kenya na Uganda. Pikipiki imelirithi tu. Lugha hukua pale watu wanapofanya kazi, na tutaona kwamba jambo hili ndilo kiini cha hoja yangu.

Msitu usio na majina

Tujiulize swali jepesi. Mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu anaweza kutaja kwa Kiswahili miti mingapi ya Msitu wa Mau? Atasema mwanzi. Atasema mkaratusi na msonobari, ambayo ni ya kigeni. Kisha atanyamaza.

Si kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya miti. Nenda Lamu uangalie mikoko. Mtu wa bara huona mikoko na kusema "mikoko", lakini Mswahili wa pwani hutofautisha mkandaa, mchu, msinzi, mkomafi na mlilana, na hujua upi hutoa boriti ya kuezekea nyumba na upi hufaa kuundia chombo. Majina hayo yapo kwa sababu watu waliingia mikokoni kwa karne nyingi, wakakata, wakapakia majahazini na kuuza hadi Uarabuni. Kiswahili kiliyajua mazingira yaliyokifuga.

Misitu ya vilima vya bara ilikuwa jambo jingine. Lugha yetu ilifika huku na misafara, na msafara huogopa msitu. Ndiyo maana neno "mwitu" limebeba hofu hadi leo: kilicho cha mwitu ni kikali, hakijafugwa, hakiaminiki. Katika hadithi zetu simulizi msitu ni makao ya zimwi. Katika riwaya nyingi ni maficho ya majambazi. Tunapousifu, tunausifu kwa jumla jumla, "msitu mkubwa, mnene, wa kutisha", kwa kuwa hatuna maneno ya kuusifia kwa undani.

Kwa upande mwingine, wanaouishi msitu huo wana maneno tele. Waogiek wameugawa mteremko wa Mau katika kanda zenye majina, kwa kufuata kimo, aina ya miti na msimu wa maua ambayo nyuki huyafuata. Mizinga yao huichonga kwa mtarakwa kwa sababu mti huo hauozi upesi. Podo kwao na kwa Wakalenjin wengine ni saptet. Wakikuyu huuita muthengera. Mti wa silibwet hupendwa kwa asali inayotokana na maua yake. Mtu anayepanda kwa baiskeli kutoka Elburgon kwenda Mariashoni, au kutoka Njoro kwenda Nessuit, hupita katika maktaba hai ya majina, na anachohitaji ili kuisoma ni adabu ya kusimama, kusalimu na kuuliza.

Kuna ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kuyapokea majina hayo bila kudhurika. Neno "mtarakwa" tunalolitumia lina undugu wa wazi na oltarakwai la Kimaasai, mutarakwa la Kikuyu na tarakwet la Kikalenjin. "Leleshwa" limetoka Kimaasai na sasa ni la kila mkazi wa Nakuru. Hayakuletwa na kongamano. Yaliletwa na watu waliokutana njiani wakiwa na jambo la kuzungumzia. Rai yangu ni kwamba kukutana huko kuendelee kwa makusudi, na baiskeli ndiyo chombo kinachomweka msomi njiani katika hali ya kukutana na watu. Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Mwendesha baiskeli aliyeishiwa na maji karibu na Likia hana budi kubisha hodi, na anayebisha hodi hupewa maji pamoja na maneno.

Hapa nitaje jambo zito zaidi. Vilima vya Njoro, Molo na Kuresoi vimemwaga damu. Katika misimu ya uchaguzi ya miaka ya 1990, na hasa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, njia hizi za msituni zilikuwa njia za kukimbilia uhai. Wakikuyu, Wakalenjin, Waogiek, Wakisii na Wamaasai wanaoishi huku wanazo lugha zao, na kuna nyakati ambapo lugha ya mtu ilitosha kumhukumu. Kiswahili si lugha ya mama ya yeyote kati yao, na kwa sababu hiyo ni cha wote. Sidai kwamba salamu ya Kiswahili huondoa uhasama wa ardhi. Hilo lingekuwa dai la kitoto. Ninachodai ni kwamba kijana anayepita kijiji hadi kijiji kwa baiskeli, akiwaamkia wazee wa kila jamii kwa lugha moja na kuwauliza wote jina la mti mmoja, anafanya kazi ambayo mikutano ya hadhara imeshindwa kuifanya.

Maneno yaliyoukata msitu

Yupo atakayesema kwamba majina ya miti ni mapambo, na kwamba msitu hauokolewi kwa msamiati. Ningependa kumkumbusha jinsi msitu huo ulivyopotea.

Msitu wa Mau ulikuwa na ukubwa wa zaidi ya hekta 400,000. Mito mingi huanzia humo: Njoro, Makalia na Nderit inayoingia Ziwa Nakuru, Mara inayovuka hadi Tanzania, Sondu na Nyando inayoelekea Ziwa Viktoria, Ewaso Ng'iro ya Kusini inayomwaga maji yake Ziwa Natron. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki, sehemu iliyo karibu nasi kuliko zote, ziliondolewa katika hadhi ya msitu wa serikali. Kabla ya shoka kuinuliwa kihalali, palikuwa na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tangazo hilo lilikuwa la Kiingereza. Jopokazi lililoundwa na serikali mwaka 2008 lilipotoa ripoti yake mwaka 2009, lilionyesha kwamba takriban robo ya msitu wote, kiasi cha hekta 107,000, ilikuwa imepotea katika miongo miwili. Ripoti hiyo nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafurusha kutoka Mau, na mwezi Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Hata hivyo, mwezi Novemba 2023 familia za Waogiek zilifurushwa tena.

Kwa ufupi, msitu huu umejadiliwa, umekatwa, umehesabiwa na umetetewa kwa lugha ambayo wengi wa wanaouishi hawaisomi. Katika mikutano ya kisiasa Kiswahili kilitumika, naam, lakini ni Kiswahili cha kuchochea au kuahidi, kisichotofautisha msitu wa asili na shamba la misonobari. Mwanasiasa akisema "tumepanda miti", wasikilizaji hawana neno la kumuuliza "miti gani?". Mahali pasipo na maneno ya kuuliza, hapana swali. Hili ndilo lililo hatarini, na ndiyo sababu sikubali kwamba msamiati ni pambo.

Katiba ya mwaka 2010 imetupa silaha mbili ambazo hatujaziunganisha. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Ibara ya 69 inaitaka serikali ijitahidi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Wanasheria huzisoma ibara hizi mbili kana kwamba hazijuani. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeupanda Mau akiwa na kalamu mfukoni ndiye anayeweza kuzikutanisha.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni usalama. Ni la haki. Barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Mau Summit imejaa malori, na si mahali pa kufanyia ziara ya baiskeli. Njia zifaazo ni zile ndogo za udongo na lami nyembamba: ya kupandia ukingo wa Menengai, ya Njoro kuelekea Mau Narok, za Dundori na za kuzunguka Eburru. Misitu ya serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na ni lazima kuomba ruhusa, kulipa ada inayotakiwa na kuuliza habari za wanyama na moto. Isitoshe, mtu asiende peke yake. Kundi la watu watano lenye pampu, viraka na mtu mmoja anayeijua njia ni chama tosha.

Tena historia inatufunza kwamba usalama huja pamoja na wapitaji. Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulikuwa karibu kunyakuliwa na waliotaka kujenga humo. Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwezi Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Kwa muda mrefu raia waliuogopa msitu huo. Baada ya kuzungushiwa ua na kufunguliwa kwa watembeao na waendeshao baiskeli, ulikuja kuwa mahali ambapo familia huenda mwishoni mwa juma. Msitu wenye wapitaji halali kila siku si rahisi kuuibia magogo, kwa sababu macho ni mengi. Menengai na Dundori zinastahili macho kama hayo.

Pingamizi la pili ni kwamba utalii wa namna hii ni wa Wazungu. Pingamizi hili linatokana na jinsi tulivyolizoea neno "mtalii": tukilisikia, tunaona mtu mweupe katika gari lililofunguliwa paa. Lakini katika kaunti yetu hii ipo Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambapo mgeni huruhusiwa kupita kwa baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na vijana wa huko hukodisha baiskeli langoni. Wakenya wengi huenda, wanafunzi wakiwemo. Na kuhusu michezo, Suleiman Kangangi, aliyefariki mwezi Agosti 2022 akiwa mashindanoni Marekani, alionyesha kwamba kijana wa nyanda zetu za juu anaweza kuongoza timu ya waendesha baiskeli duniani. Baiskeli si ya kigeni kwetu. Imebeba maziwa, viazi na makaa ya vilima hivi kwa miaka mingi. Tumekosa tu kuifikiria kuwa inaweza kubeba msomi.

Pingamizi la tatu ni umaskini wa mwanafunzi. Baiskeli mpya ya gia ni ghali, nakubali. Ila baiskeli ya mtumba, au Black Mamba ya kuazima kijijini, inatosha. Chama cha wanafunzi kikinunua baiskeli nne za pamoja kwa fedha ambazo kingetumia kwa fulana za kongamano moja, kitakuwa kimewekeza vyema. Na kina dada wasiachwe nyuma. Desturi ya kumtazama msichana kwa kijicho akipanda baiskeli ni mojawapo ya mambo ambayo uhakiki wetu wa kifeministi umeyakemea vitabuni. Sasa tuyakemee barabarani.

Pingamizi la nne ndilo gumu kuliko yote. Je, Kiswahili kikiingia msituni na kuchukua majina ya Waogiek, hakitaimeza lugha yao? Lugha kubwa ina tabia ya kula ndogo, na tusijifanye hatulijui hilo. Jibu langu ni kwamba namna ya kuchukua ndiyo yenye kuamua. Tukichukua bila kutaja tulikotoa, tumepora. Tukiandika kwamba neno hili ni la Waogiek wa Mariashoni, tukaliweka pamoja na matamshi yake na maana yake kamili, kisha nakala ya kwanza tukaipeleka katika shule ya msingi ya huko, tutakuwa tumeipa lugha hiyo kumbukumbu ya maandishi. Kiswahili kiwe ghala linalotunza majina ya wenye mali.

Tufanye nini?

Lipo jambo ambalo tunaweza kulianza muhula huu bila kungoja bajeti ya yeyote. Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Kila mwaka siku hiyo hujaa hotuba, ngonjera na keki. Ninapendekeza kwamba vyama vya Kiswahili vya vyuo vya Nakuru viiadhimishe kwa msafara wa baiskeli wa kuufuata Mto Njoro, kutoka Ziwa Nakuru hadi msituni unakoanzia.

Njia hiyo ina mengi ya kuandikwa. Chini kuna ziwa ambalo limepanuka tangu takriban mwaka 2010 hadi likaligharikisha lango kuu la zamani la hifadhi. Katikati kuna mto unaopita karibu na vitongoji, mashamba na Chuo Kikuu cha Egerton, ukibeba kila kinachotupwa ndani yake. Juu kuna Nessuit na vilima vilivyokuwa msitu, ambavyo leo ni viazi, mahindi na visiki. Atakayeupanda mto huo wote kwa pedali hatahitaji kuelezwa uhusiano wa msitu na ziwa. Na kila kundi lirudi na mambo matatu: orodha ya majina ya miti kumi katika lugha za wenyeji pamoja na maelezo yao, simulizi ya mzee mmoja kuhusu jinsi mahali pake palivyobadilika, kwa ridhaa yake, na habari za safari yenyewe.

Hili la mwisho lina umuhimu wa kifasihi. Habari za safari ni miongoni mwa tanzu za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko ambamo wasafiri wa pwani walieleza kwa lugha yao safari za bara, na mmoja wao, Salim bin Abakari, akaeleza safari yake ya hadi Urusi na Siberia. Waliandika habari za maji, njia, vyakula na desturi za watu kwa macho makini. Zaidi ya karne moja imepita, na utanzu huo umefifia mikononi mwetu. Tuna riwaya, tamthilia, tawasifu na diwani, lakini kitabu cha Mkenya anayezunguka nchi yake na kuieleza kwa Kiswahili ni adimu. Idara zetu zingeweza kuupa utanzu huu nafasi katika kozi za uandishi wa kubuni na usio wa kubuni, na mwanafunzi angepata alama kwa safari iliyoandikwa vyema kama anavyopata kwa uhakiki wa kitabu cha mwingine.

Walimu wetu wapendwa, tunaomba mtutangulie. Mhadhiri akionekana anakokota baiskeli katika mpando wa Likia, mwanafunzi hatasita kumfuata. Nanyi wanafunzi wenzangu, kabla ya kutunga shairi jingine la kuulilia Mau, tuulizane kwanza: ni mti upi hasa tunaoulilia, na jina lake nani? Asiyeweza kujibu ajaze upepo tairi zake, aombe ruhusa inayotakiwa, abebe maji, daftari na sweta, kwani Mau kuna baridi, aende akaulize.